Taa ya Boga na Mzuka wa Shuka
Usiku wa tarehe 31 Oktoba, mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote uitwao Halloween, Wamarekani wengi hupamba nyumba kwa vitu vya nyumbani. Boga hukatwa juu, likakombwa nyama na mbegu, likatobolewa macho na mdomo, kisha mshumaa ukawashwa ndani. Waairishi na Waskoti walitumia tanipu. Kifaa hiki twapendekeza kiitwe “taa ya boga”.

Ugumu umo katika shuka jeupe linalotundikwa kutisha wapitao. Mfasiri aweza kuvutwa kuandika “mzimu”. Hatukubali. Mizimu ni ya wahenga, nayo hutambikiwa. Haitundikwi barazani kuchekesha watoto. “Kizuka” nacho, huko pwani, ni mjane aliye edani. Tumechagua “mzuka”, ijapokuwa vijana wa mjini hulitumia neno hilo kwa maana ya hamasa.