Kwa nini majina ya Kiamhari hugeuka visanduku katika hati za PDF

Hati ya kielektroniki kutoka Ethiopia au Eritrea huweza kumfikia mwenyewe ikiwa na visanduku vitupu mahali pa jina lake, na ofisa anayeipokea asiweze kumtambua. Jina halijapotea. Herufi za Kigeez, zinazoandikia Kiamhari na Kitigrinya, zimo katika mfumo wa Unicode tangu 1999. Ila seva iliyotengeneza faili haikuwa na fonti ya kuzichora. Seva haina skrini, hivyo mara nyingi huwekewa fonti chache mno. Dawa ni kusakinisha humo fonti kama Noto Sans Ethiopic, kuitaja katika programu inayotoa hati, kisha kuipachika ndani ya faili lenyewe. Isipopachikwa, hati inayosomeka vizuri ofisini huenda ikaharibika kwenye simu ya mwenye jina.