Athari za Kiuchumi na Kisiasa za Muungano wa Tanganyika na Zanzibar: Tatizo la Mgawanyo wa Mapato

Hati za Makubaliano ya Muungano zilitiwa saini na Mwalimu Julius Nyerere na Sheikh Abeid Amani Karume tarehe 22 Aprili 1964, na Muungano ukaanza rasmi siku nne baadaye, miezi mitatu tu baada ya Mapinduzi ya Zanzibar. Mijadala mingi ya kitaaluma imejikita katika nia za waasisi: umajumui wa Afrika, shinikizo la Vita Baridi, usalama wa Mapinduzi yenyewe. Nia hizo hazikosi uzito, lakini hazielezi kwa nini suala la fedha limedumu kwa vizazi viwili bila ufumbuzi. Maelezo yake yamo katika umbo la dola lililochaguliwa.

Serikali ya Tanganyika iliondolewa, na mambo yake yakashikwa na Serikali ya Muungano; Zanzibar ikabaki na serikali yake. Nyerere alitetea umbo hilo kwa hoja kwamba serikali moja ingeonekana kuimeza Zanzibar, nchi ndogo, ilhali serikali tatu zingeitwika Tanganyika gharama kubwa mno. Hoja ya gharama ina mantiki. Hata hivyo, umbo hilo lilizalisha serikali moja yenye kofia mbili, na kofia hizo hazitenganishwi kwa urahisi katika vitabu vya hesabu.

Ibara ya 133 ya Katiba ya mwaka 1977 inaelekeza kuwepo kwa Akaunti ya Fedha ya Pamoja, itakayopokea michango ya serikali mbili kwa shughuli za Mambo ya Muungano. Ibara ya 134 inaunda Tume ya Pamoja ya Fedha ya kuchambua mapato na matumizi hayo. Sheria ya Tume ilitungwa mwaka 1996, na kwa miaka mingi akaunti hiyo imebaki katika maandishi. Ugumu wake si wa utashi wa kisiasa pekee. Ili kukokotoa mchango wa kila upande, sharti ijulikane kwanza ni shilingi ngapi zimetumika kwa ulinzi, uhamiaji au mambo ya nje, na ni ngapi kwa Tanzania Bara peke yake. Wizara ya fedha ni moja, na gharama za uendeshaji wake zinahudumia yote mawili. Kwa upande wa pili, kigezo chenyewe kinabishaniwa: sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini kote, Zanzibar ikiwa na 1,889,773, yaani takribani asilimia 3. Kigezo cha idadi ya watu kinaipunguzia Zanzibar mzigo, lakini kikitumika katika kugawa faida kinaipunguzia pia fungu. Kila upande, bila shaka, hukumbuka nusu ya hesabu inayoufaa.

Suala la sarafu lilizidisha ugumu. Sarafu na mabenki havikuwa miongoni mwa mambo 11 ya awali. Viliongezwa mwaka 1965, na Benki Kuu ikafunguliwa mwaka 1966. Zanzibar, iliyotegemea karafuu kupata fedha za kigeni, haikuwa tena na nafasi ya kujiwekea sera ya fedha inayolingana na zao hilo.

Kisiasa, Tume ya Jaji Nyalali na baadaye ile ya Jaji Warioba zilipendekeza serikali tatu. Bunge Maalumu la Katiba la mwaka 2014 likabakiza mbili, na kura ya maoni haikufanyika. Mabadiliko yamepita njia za pembeni. Marekebisho ya Katiba ya Zanzibar ya mwaka 2010 yaliitambua Zanzibar kuwa nchi. Mafuta na gesi, yaliyoingizwa katika orodha mwaka 1968, hayajaondolewa humo. Lakini Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 iliiachia Zanzibar kusimamia rasilimali hiyo katika eneo lake, nayo ikatunga sheria yake mwaka 2016. Endapo mapato ya mafuta yatapatikana upande wowote, Tume ya Pamoja ya Fedha italazimika kuzishauri serikali mbili ikiwa yanaingia katika hesabu ya Muungano kwa orodha ya Katiba, au yanabaki nje yake kwa sheria ya Bunge.