Swali la Tisa

Kijana anayetaka kutafiti afya ya akili aghalabu hukimbilia takwimu: wangapi wana sonona katika chuo hiki, wodi ile. Huchukua hojaji ya PHQ-9, iliyoenea tangu 2001 na yenye nakala ya Kiswahili, kwa kuwa ni fupi na haina malipo. Ina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita. Kila jibu hupata alama 0 hadi 3. Anayefikisha jumla ya 10 huenda ana sonona. Nasisitiza "huenda", kwa sababu hojaji huchuja tu. Kuthibitisha ugonjwa ni kazi ya mtaalamu.

Mimi ningependa aanze na swali la tisa. Hapo mhojiwa huulizwa kama amesumbuliwa na mawazo kwamba heri angekufa, au ya kujidhuru. Je, mama aliyeketi mbele yako akijibu "karibu kila siku", utafanya nini? Huwezi kuandika 3 ukafungua ukurasa mwingine. Utakaa naye, umuulize waziwazi kama amepanga kujiua na kwa njia gani (kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo), umpigie mtaalamu aliyekubali mapema kupokea simu yako, wala hutamwacha aondoke peke yake. Hayo yote yaandikwe kwenye andiko la utafiti kabla ya kuomba kibali cha maadili, na nauli ya kumfikisha hospitali iwe kwenye bajeti.

Nauli si jambo dogo. Mwaka 2005 Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili nchini Zimbabwe, alimpoteza kwa kujiua mgonjwa aliyekosa nauli ya kumfikia. Mwaka uliofuata alianza kazi na bibi 14 wa Mbare, Harare, akawafunza kuwasikiliza wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Jaribio lao kubwa lilichapishwa 2016: watu 573, zahanati 24. Baada ya miezi 6, waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Swali zuri la utafiti lilitoka kliniki, kwa mtu aliyewajua wagonjwa wake. Ndiyo maana namshauri chipukizi ashinde kliniki kwanza, hata kama machapisho yatachelewa.

Wasaidizi wako wa utafiti nao watayabeba waliyoyasikia. Watengee muda na mwanasaikolojia kila wiki. Na siku ambayo mtaalamu wa rufaa hapatikani, msihoji mtu.