Kimondo cha Mbozi Hakitoshi

Tangu kapsuli ya chombo cha OSIRIS-REx itue kwenye jangwa la Utah, Marekani, Septemba 24, 2023, naulizwa lile lile: kwa nini wahangaike miaka saba kufuata gramu 121.6 za vumbi na kokoto za asteroidi Bennu, na sisi Tanzania tunacho kimondo cha Mbozi, tani zaidi ya kumi, kimelala pale?

Anayeuliza hivyo anadhani jiwe la angani ni jiwe la angani tu. Si kweli. Kimondo cha Mbozi ni chuma, na uchuma wake ndio uliokifikisha ardhini. Mawe mororo kama ya Bennu, yenye udongo na kaboni, mengi husambaratika hewani. Kidogo kinachofika hunyeshewa, hushikwashikwa, huingiwa na bakteria. Ukikuta humo asidi amino, utajuaje kama imetoka angani au kwenye udongo kilipoangukia? Na chumvi je? Ndani ya Bennu zimekutwa chumvi zilizoachwa na maji yaliyokauka zamani mno. Acha chumvi wazi mezani Tanga wakati wa masika uone inavyolowa. Jiwe lenye chumvi kama hizo likinyeshewa, zinayeyuka, na habari za maji yale zinapotea nazo. Matokeo ya uchunguzi wa sampuli ya Bennu yaliyotangazwa Januari 2025 yalitaja asidi amino 14 kati ya 20 ambazo viumbe hujengea protini. Tunayaamini kwa sababu sampuli ililindwa dhidi ya hewa yetu.

Anayeona uangalifu huo umezidi aikumbuke kapsuli ya chombo cha Genesis, 2004. Vitambuzi vya kufungulia mwavuli vilifungwa kinyume, mwavuli haukufunguka, kapsuli ikajibamiza Utah kwa kasi ya kilomita 300 hivi kwa saa. Wataalamu walitumia miaka kusafisha tope la jangwa ili wazipate chembe za upepo wa jua ilizobeba.

Basi njia ya kuleta sampuli salama ndiyo hii: ngao inayoungua kidogo kidogo na kuondoka na joto, mwavuli, nchi kavu, tambarare, isiyo na watu, kama Utah au Woomera, Australia, ilikotua kapsuli ya chombo cha Hayabusa2 mwaka 2020 na gramu 5.4 za asteroidi Ryugu; rada na helikopta tayari; chumba safi karibu; nitrojeni ikipulizwa ndani kuzuia hewa na unyevu hadi maabara. Baharini? Hapana. Maji ndiyo tunayoyakimbia.

Nendeni Mbozi mkakione kimondo, kina thamani yake. Lakini habari za maji ya Bennu hamtazikuta humo.