Fahamu: Kromosomu X na akili ya mtoto

Mwaka 1943, huko Uingereza, J. Purdon Martin na Julia Bell walieleza habari za ukoo mmoja ambamo upungufu wa akili uliwashukia wanaume kwa njia ya mama zao, na sababu yake haikubainika hadi mwaka 1991, ilipogunduliwa jeni iitwayo FMR1, iliyomo katika kromosomu X. Ndani ya jeni hiyo zimo herufi tatu, CGG, zinazokaririwa kama mwanachuoni akariripo aya: kwa watu wengi hazifiki mara 45, bali zikipita 200 jeni hunyamaza, na protini ihitajiwayo na ubongo haitengenezwi tena. Ndipo utamwona mtoto amechelewa kusema, hukwepa macho ya amsemeshaye, na akifurahi hupunga mikono bila kukoma. Wavulana, kwa kuwa wana X moja tu, huathirika zaidi. Binti anayo ya pili ya kumsitiri, japo si daima.

Majirani wana ada ya kumlaumu mama, nayo ni dhuluma, kwani huenda naye aliirithi jeni hiyo kwa babaye, mtu mwenye akili timamu kabisa. Dawa ya kuiponya hali hiyo haijapatikana. Kuitambua, hutosha kupimwa damu.