Kabla Hujaweka PIN: Jinsi ya Kununua Kamera ya DSLR ya Mtumba

Msimu wa harusi ukikaribia, meseji za kuuza kamera huongezeka. "Canon iko sawa kabisa, ina lenzi mbili, flashi na begi. Mwenyewe anasafiri. Tuma ya kushikilia, kuna mtu mwingine anakuja kuichukua saa kumi." Bei iko chini kidogo kuliko ya dukani, picha za hiyo kamera zinavutia, na wewe una kazi ya ruracio Jumamosi ijayo. Kidole tayari kiko kwa simu.

Ngoja kwanza. Pesa ikishatoka kwenye akaunti yako kwa hiari yako, kuirudisha ni kazi ngumu. Kamera nayo ni kifaa ambacho kinaweza kung'aa nje na kuwa kimechoka ndani. Habari njema ni kwamba dakika 20 za kuikagua, bila fundi, zinatosha kugundua matatizo mengi. Leo tunapitia hatua zote: ununue nini, uipime vipi, na ulipe lini.

Kwa nini DSLR ziko nyingi sokoni

Ndani ya DSLR kuna kioo kidogo kinachopeleka mwanga hadi kwenye tundu la kuchungulia. Ukibonyeza, kioo kinainuka, shata inafunguka, sensa inapata picha. Mwaka 2018 Canon walitoa EOS R na Nikon wakatoa Z 6 na Z 7, kamera ambazo hazina hicho kioo. Tangu hapo wapiga picha wengi wa kazi wamekuwa wakihama, na wanauza zile za zamani.

Kwako wewe unayeanza, hii ni nafasi. DSLR ya miaka kumi iliyopita bado inatoa picha nzuri ya harusi, ya mahafali au ya bidhaa unazouza mtandaoni. Ila kumbuka kioo na shata ni vitu vinavyosogea kila unapopiga picha, kwa hivyo vinachakaa. Kamera huzeeka kama gari: usiulize mwaka tu, uliza imetembea kilomita ngapi.

Gawanya bajeti kabla ya kwenda sokoni

Kosa la wengi ni kumaliza pesa zote kwenye kamera yenyewe, halafu lenzi na flashi zinangoja "siku moja". Tuseme una shilingi 60,000. Mgao wenye akili unaweza kuwa hivi (ni hesabu ya mfano, bei hubadilika):

- Kamera na lenzi ya kawaida ya 18-55mm: 32,000
- Lenzi ya 50mm f/1.8: 12,000
- Flashi: 8,000
- Kadi mbili za kumbukumbu, betri ya pili, na betri za kuchaji za flashi: 8,000

Kama unakopa kwa simu kununua, fanya hesabu nyingine pia. Ikiwa kazi moja inakuachia 5,000 baada ya nauli na gharama zingine, unahitaji kazi 12 ndipo hiyo 60,000 irudi, bila kuhesabu riba. Huna kazi 12 unazoziona mbele yako? Kodisha kamera kwa siku moja moja kwanza. Ukikodisha mara tatu nne utajua pia ni aina gani inakufaa.

Lenzi: hapa ndipo pesa yako inafanya kazi

Lenzi inayokuja na kamera nyingi ni 18-55mm. Ukiivuta hadi 55mm, tundu lake haliwezi kufunguka kupita f/5.6. Kanisani au ndani ya hema jioni, hilo ni tundu dogo sana. Lenzi ya 50mm f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi zaidi. Maana yake: mahali ambapo f/5.6 inalazimisha shata ya sekunde 1/15, na bibi harusi anatoka na ukungu kwa sababu anatembea, f/1.8 inakupa kama 1/125 na uso wake unakaa safi.

Usitupe ile 18-55mm lakini. Kwenye kamera ndogo za Canon, 50mm inaona kama 80mm, kwa hivyo ukitaka kupiga ukoo mzima sebuleni utarudi nyuma mpaka ugonge ukuta. Picha za kundi ni kazi ya 18-55mm.

Kabla ya kununua lenzi, hakikisha inaelewana na kamera yako:

- Canon: lenzi zilizoandikwa EF-S haziingii kwenye kamera zenye sensa kubwa kama 5D na 6D. Zilizoandikwa EF zinaingia kote.
- Nikon: kamera za mfululizo wa D3000 na D5000 (mfano D3200 au D5300) hazina mota ya fokasi ndani. Lenzi ya zamani kama AF 50mm f/1.8D itaingia, lakini utazungusha fokasi kwa mkono. Tafuta iliyoandikwa AF-S. Kamera kama D90 na D7000 zina hiyo mota.

Jambo moja la kukutia moyo: ukihamia kamera mpya za Canon baadaye, lenzi zako za EF na EF-S zitakubali kwa adapta. Kamera itazeeka, lakini lenzi nzuri utaenda nayo.

Flashi: usimpige mtu usoni

Flashi ndogo iliyo juu ya kamera inarusha mwanga moja kwa moja, ndiyo maana watu wanatoka na nyuso zinazong'aa na kivuli cheusi ukutani. Tafuta flashi ya nje yenye kichwa kinachozunguka. Ielekeze juu kwenye dari nyeupe, mwanga utashuka ukiwa laini.

Dari lakini haifanani kila mahali. Hema jeupe linasaidia. Hema la bluu au la kijani litapaka kila mgeni rangi hiyo. Kule Pwani, paa la makuti ni la juu na lina rangi nzito, linameza mwanga wote. Hapo zungusha kichwa cha flashi kwenye ukuta mweupe ulio karibu, au sogea karibu na watu. Umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaofika unabaki robo tu.

Flashi za bei nafuu kama Yongnuo YN560 au Godox TT600 unaziweka nguvu kwa mkono. Zinahitaji mazoezi, lakini zinafanya kazi. Zingatia mambo mawili. Kwanza, kamera nyingi za kuanzia zinataka shata isizidi 1/200 ukitumia flashi. Ukipita hapo, sehemu ya picha inatoka na mstari mweusi. Pili, angalia kile kibati cha juu ya kamera ambapo flashi inachomekwa. Kwa kawaida kina kidoti cha chuma katikati. Canon EOS 250D haina hicho kidoti, na flashi nyingi za kampuni zingine hazitawaka juu yake. Kwa hivyo pima flashi juu ya kamera ile ile utakayotumia.

Dakika 20 za kukagua

Kutana na muuzaji mchana, mahali penye watu na penye kiti: mkahawa, duka la kubadilishana simu, ama ofisi. Beba kadi yako ya kumbukumbu, kipakatalishi kama unacho, na simu yenye tochi. Kisha fuata hatua hizi:

1. Hesabu ya shata. Piga picha moja kwa kadi yako. Kwa Nikon, idadi ya picha ambazo kamera imepiga huandikwa ndani ya faili, na programu za kusoma taarifa za picha zitakuonyesha. Kwa Canon nyingi haiandikwi hapo. Inabidi uunganishe kamera na kompyuta yenye programu maalum, au upitie kwa fundi. Shata ya Nikon D5300 imejaribiwa kufika picha 100,000, ya Canon 5D Mark III 150,000. Kupita hapo si kifo, lakini bei lazima ishuke.
2. Sensa. Weka f/16, piga picha ya anga au ukuta mweupe, kisha ikuze. Vidoti vyeusi ni vumbi, linasafishwa. Mkwaruzo hausafishiki.
3. Lenzi kwa tochi. Toa lenzi, imulike kutoka nyuma. Ukiona kitu kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Unyevu huileta, kwa hivyo kamera zilizokaa Mombasa au Kisumu ndani ya begi zichunguze vizuri. Usichukue.
4. Fokasi. Fungua tundu lote, lenga jicho la mtu mara tano. Likitoka na ukungu mara tatu, kuna shida.
5. Milango na vidude. Fungua mlango wa betri na wa kadi. Kamera zinazotumia kadi kubwa za CompactFlash, kama 5D Mark II na 7D, zina pini nyembamba ndani. Moja ikipinda, kadi haisomi. Bonyeza kila kitufe.
6. Flashi. Ipige kwa nguvu yote mara kumi. Hesabu sekunde inazochukua kujichaji.
7. Nambari ya siri ya mtengenezaji. Iko chini ya kamera. Linganisha na ile ya kwenye boksi na risiti.

Hiyo ya saba usiiruke. Kamera zinaibiwa sana, na kupokea mali ukijua au ukiwa na sababu ya kuamini ni ya wizi ni kosa chini ya kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, adhabu inafika miaka 14 jela. Muuzaji hana risiti? Andikianeni karatasi ya mauziano yenye majina, nambari za vitambulisho, nambari ya kamera na bei, mtie sahihi wote. Muuzaji halali hatakataa. Akikataa, amekujibu.

Sasa unaweza kulipa

Kamera imepita, mmekubaliana bei, iko mezani mbele yako. Hapo ndipo unatoa simu.

- Soma jina kabla ya PIN. Jina linalotokea kwenye skrini lifanane na la kwenye kitambulisho. "Tuma kwa nambari ya binamu yangu" ni sababu ya kusimama na kuuliza.
- Dukani, lipia Till au Paybill ya duka, si nambari binafsi ya mtu wa kaunta. Halafu chukua risiti yenye nambari ya kamera.
- Usitume "ya kushikilia" kwa mtu hujakutana naye. Kama kuna mteja mwingine kweli, mwache anunue. DSLR ziko nyingi.
- Kamera iko mji mwingine? Mwambie rafiki aliye huko aikague, au panda gari mwenyewe. Nauli ya kwenda Eldoret na kurudi ni ndogo kuliko bei ya boksi lenye matofali.
- PIN ni yako peke yako. Hakuna muuzaji, wala mfanyakazi wetu, anayehitaji kuijua.

Wengi hudhani huduma ya kurudisha pesa itawaokoa. Hiyo huduma ni ya pesa iliyoenda nambari isiyo sahihi, si ya kamera iliyokataa kuwaka jioni. Na mpokeaji akishatoa pesa, hata ile ya makosa ni shida kurudi.

Je, wewe ndiwe unauza? Usiachilie kamera kwa sababu umeona meseji ya malipo au skrinshoti. Meseji huigizwa. Fungua akaunti yako mwenyewe, angalia salio, kisha mpe mteja mzigo.

Ukifika nyumbani

Jaza kadi ya kumbukumbu mpaka mwisho, kisha fungua faili zote. Kadi bandia huandikwa ukubwa ambao hazina, na picha za mwisho hupotea. Afadhali ugundue leo kuliko Jumamosi jioni mama ya bibi harusi akiuliza picha za keki ziko wapi. Hifadhi kamera pakavu, na zile pakiti ndogo za kunyonya unyevu zinazokuja na viatu, zirushe ndani ya begi.

Mwisho, weka laini moja au Till moja kwa ajili ya kazi za picha tu. Mteja akilipa nusu kabla ya siku na nusu akipokea picha, yote yapitie hapo. Baada ya miezi sita chukua taarifa ya akaunti, uhesabu kazi ulizofanya na pesa iliyobaki. Taarifa hiyo itakwambia kama kamera imejilipa, na kama ni wakati wa kununua lenzi nyingine au bado.