Maji Hayajui Mpaka wa Shamba

Katika miinuko ya chai ya Kericho na Bomet mvua si haba. Lakini neema hiyo huwa msiba kwa mkulima asiyejua kuiongoza, kwa maana maji yakiukuta udongo u wazi huuchukua, na ule wa juu wenye rutuba ndio unaotangulia kwenda.

Mwaka 1958 wataalamu wa utafiti wa Afrika ya Mashariki walianza kupima mabonde mawili karibu na Kericho. Bonde la Lagan liliachiwa msitu wake; katika bonde la Sambret sehemu kubwa ya msitu ilifyekwa ili chai ipandwe. Ardhi ilipokuwa wazi, maji ya mvua kubwa yalitiririka kwa wingi zaidi. Lakini michai ilipokua na kuifunika ardhi, na mitaro ikatunzwa, bonde lilitulia.

Katika miaka ya karibuni watafiti wamepima tope katika mito ya msitu wa Mau Kusini Magharibi. Penye mashamba madogo, tope lililochukuliwa kwa mwaka lilikuwa kama tani 130 kwa kila kilomita ya mraba. Penye mashamba makubwa ya chai kama tani 40, na msituni kama tani 20 tu. Wala jembe silo lenye kosa peke yake. Barabara za udongo na njia za ng'ombe waendao mtoni zina hatia pia.

Je, shamba lililoachwa hupona lenyewe? Hupona, ikiwa majani yataota upesi na mifugo isiingie. Bali shamba la matuta halifai kuachwa hivi hivi. Mtaro ukijaa tope, maji yote uliyoyakusanya hupasua mahali pamoja, na hapo korongo huanza.

Mimi nilijifunza hayo kwa aibu. Kwa kuwa kazi yangu ni ya ofisini, niliacha shamba langu la mteremkoni kwa miaka miwili. Niliporudi nilikuta njia ya ng'ombe imekuwa mfereji, na udongo wangu umelala juu ya mahindi ya jirani yangu, mzee wa umri wa baba yangu. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, shamba ni lako, lakini maji hayajui mpaka." Sikuwa na jibu.

Basi, ndugu msomaji ufanyaye kazi mbali na kwenu, kabla hujaliacha shamba lako fanya mambo matatu: panda majani kwenye kingo za matuta, ziba njia za ng'ombe zishukazo moja kwa moja, na mwachie mtu wa kuzibua mitaro kabla ya masika. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa udongo uliokwenda mtoni haujengeki tena.